Mlezi wa Kambo kati ya Umzazi na Taaluma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale ambayo walezi wa kambo huyauliza tena na tena, kwenye mafunzo na nje ya mafunzo, na mengine huulizwa kwa sauti ya chini baada ya wenzao kuondoka. Yamepangwa kuanzia mambo ya msingi hadi hali zisizo za kawaida. Taratibu hutofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo pale ambapo jibu hapa linagongana na makubaliano uliyoyasaini, fuata makubaliano yako.

## Mambo ya msingi

1. Mlezi wa kambo ni nani, na anatofautianaje na baba au mama wa kambo?

Baba au mama wa kambo ni mtu aliyefunga ndoa na mzazi wa mtoto. Mlezi wa kambo ni mtu aliyechunguzwa na kuidhinishwa na mamlaka ya ustawi wa watoto, akakabidhiwa mtoto ambaye kwa wakati huo hawezi kukaa salama na wazazi wake. Kwa kawaida malezi haya ni ya muda, na mamlaka ya kisheria juu ya mtoto hubaki kwa wazazi, kwa serikali au kwa mahakama. Katika kuasili mtoto, kinyume chake, mtoto huwa wako kisheria moja kwa moja. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 20, unayataja malezi ya kambo kuwa mojawapo ya njia za kumlinda mtoto aliyekosa mazingira ya familia yake.

2. Kwa nini inasemwa kuwa mlezi ana nafasi mbili?

Kwa sababu asubuhi moja inaweza kukudai zote mbili. Unamwamsha mtoto, unamtafutia soksi iliyopotea, unambembeleza anywe dawa. Saa mbili baadaye umekaa kwenye kikao pamoja na afisa ustawi wa jamii, mwalimu na mwanasheria, ukieleza kwa maneno yaliyopimwa jinsi mtoto huyohuyo alivyolala juzi. Nafasi ya kwanza inakutaka uwe karibu bila masharti. Ya pili inakutaka uone, uandike, utoe taarifa, utunze siri, uhudhurie mafunzo na ukubali kukaguliwa.

Walezi wengi wapya huzichukulia nafasi hizi kama ndugu wawili wanaogombania kitanda kimoja. Kwa maoni yangu, upande wa kitaaluma upo ili upande wa mzazi uwe salama kwa mtoto. Mtoto aliyekwisha kuumizwa na watu waliosema wanampenda anahitaji upendo unaoweza kuonekana na watu wengine na kuulizwa maswali. Mengi ya majibu yanayofuata yametokana na wazo hilo.

3. Je, hii ni kazi au ni moyo wa kujitolea?

Jibu hutegemea nchi. Nchini Ufaransa mlezi wa kambo ni mwajiriwa mwenye mkataba na mshahara, na sheria inamtaka apate mafunzo ya saa 60 kabla ya kumpokea mtoto wa kwanza, kisha saa 240 katika miaka mitatu inayofuata. Nchini Uingereza walezi wengi hawahesabiwi kuwa waajiriwa: husaini makubaliano ya ulezi, hupokea posho, na katika masuala ya kodi huchukuliwa kama watu waliojiajiri. Zipo pia nchi nyingi ambako mlezi hapati chochote zaidi ya msaada wa matumizi ya mtoto.

Jina lolote utakalopewa, viwango vya utendaji vinakuhusu. Mlezi asiyelipwa hana ruhusa ya kutotunza siri za mtoto, na mlezi anayelipwa hana ruhusa ya kufunga ofisi saa kumi na moja jioni.

4. Nikipokea posho, mtoto hatadhani kwamba nampenda kwa sababu ya fedha?

Siku moja atakuuliza, na mara nyingi atachagua wakati wa hasira: «Wewe unalipwa tu!» Usikane, kwani akigundua baadaye kwamba ulimdanganya, atakuwa na sababu nzuri ya kutilia shaka kila kitu kingine ulichomwambia. Mweleze kwa ufupi kwamba fedha hizo ni za matunzo yake na za muda wako, na kwamba hakuna anayeweza kulipwa ili ampende mtu. Kisha endelea na ulichokuwa ukifanya. Atakayoyaona katika miezi inayofuata yatamjibu vizuri zaidi kuliko hotuba.

Weka hesabu za posho mbali na macho na masikio ya watoto wote wa nyumba, wakiwemo wako wa kuzaa.

## Maisha ya kila siku

5. Mtoto aniite nani?

Mwachie achague kati ya majina ambayo wewe mwenyewe utayaitikia bila kusita. Wapo wanaotumia jina lako, wapo wanaosema shangazi au mjomba, na wapo wanaokuita mama tangu siku ya kwanza kwa sababu wamewahi kuwaita hivyo watu wengi. Usilazimishe kuitwa mama au baba, kwa kuwa huenda neno hilo lina mwenyewe moyoni mwa mtoto. Akilichagua yeye, lipokee, kisha mjulishe afisa wako mapema ili mzazi wake asije akalisikia kwa mara ya kwanza kwenye siku ya kutembelewa.

6. Naogopa kumkumbatia mtoto nisije nikashukiwa. Nifanyeje?

Hofu hii mara nyingi huzaliwa kwenye mafunzo yenyewe: mtu huingia akiwa mlezi mchangamfu, hutoka akiwa mlinzi wa mikono yake. Mtoto asiyeguswa na mtu mzima kwa wema anakosa kitu ambacho mwili wake unakihitaji ili utulie, hasa akiwa mdogo. Kwa hiyo usiache kumkumbatia. Badilisha namna ya kufanya hivyo.

Mtoto ndiye anayeongoza. Mwulize, au fungua mikono usubiri, na akikataa usinune. Mguso uwe wa mahali ambapo mtu mwingine akipita atauona na kuuona kuwa wa kawaida. Mtoto aliyewahi kudhulumiwa kingono anaweza kuwa amefundishwa kwamba ukaribu wote una bei, na jambo dogo kwako, kama kumfunika shuka gizani, linaweza kumrudishia kumbukumbu mbaya. Kwa hiyo ulizia historia yake kabla ya kupanga nani anamwogesha, nani anamlaza na mlango unabaki wazi kiasi gani. Mkishakubaliana, yaandikeni kama utaratibu wa nyumba nzima, ili yeye peke yake asionekane kuwa mtu wa kuwekewa tahadhari.

7. Mimi nililelewa kwa kiboko na nikawa mtu. Kwa nini siruhusiwi?

Kwa sababu mtoto huyu si wewe, na mkono uliomfikisha kwako pengine ulikuwa na fimbo. Katika nchi nyingi mlezi wa kambo amekatazwa kabisa kumpiga mtoto, hata pale ambapo sheria bado inamruhusu mzazi aliyemzaa, na kuvunja katazo hilo kunaweza kukuondolea idhini. Mpangie mipaka michache, izungumzwe mapema, na matokeo ya kuivunja yawe madogo, ya haraka na yanayohusiana na kosa. Kumnyima chakula, kumzuia asimpigie simu mama yake au kumtishia kwamba atarudishwa si adhabu zinazoruhusiwa, hata kama hazimwachi na alama mwilini.

8. Ni maamuzi gani ninayoweza kufanya mwenyewe bila kuomba ruhusa?

Hapa ndipo nafasi hizi mbili hukwaruzana kila siku. Mtoto ameitwa kulala kwa rafiki leo jioni, fomu ya ziara ya shule inarudishwa kesho asubuhi, nywele zimekuwa ndefu, naye anataka kuzikata zote. Mzazi angeamua papo hapo. Mlezi anapiga simu, simu haipokelewi, na mtoto anabaki nyumbani akijua kwamba yeye si kama wenzake.

Tiba yake ni kuyamaliza kabla hayajatokea. Siku mtoto anapoletwa, au katika wiki ya kwanza, omba orodha iliyoandikwa yenye mafungu matatu: mambo unayoamua mwenyewe, mambo unayoamua na kutoa taarifa baadaye, na mambo yanayohitaji idhini ya mzazi, afisa au mahakama. Kwa kawaida matibabu makubwa, pasipoti, safari ya nje ya nchi, kubadili shule na mambo ya dini huangukia fungu la tatu. Nywele zinaonekana kuwa jambo dogo, lakini kwa familia nyingi zina uzito wa kidini au wa kiutamaduni. Zitaje kwa jina katika orodha. Marekani, kwa sheria ya shirikisho ya mwaka 2014, inawataka walezi waamue kuhusu michezo, safari na shughuli za kawaida za mtoto kwa kipimo cha mzazi mwenye busara na uangalifu. Hata pale ambapo sheria kama hiyo haipo, kipimo hicho kinasaidia katika fungu la kwanza.

9. Watoto wangu wa kuzaa wanaona kwamba wamesahauliwa.

Huenda wanaona sawa. Mtoto mpya huja na miadi, na kila miadi inakula muda wa mtu mwingine. Tenga saa fulani ya wiki ambayo ni yao peke yao na usiihamishe hata kwa ajili ya kikao, isipokuwa dharura. Waambie yale tu wanayohitaji kujua ili wawe salama. Historia ya mgeni si ya kusimuliwa mezani (tazama swali la 13).

## Kumbukumbu na siri

10. Niandike nini kwenye daftari la kumbukumbu, na kwa kiasi gani?

Andika siku hiyohiyo, kwa ufupi, na utenganishe ulichokiona na unachokifikiri. Sentensi kama «alikuwa mkaidi na mkorofi jioni nzima» haimsaidii mtu yeyote. Linganisha na hii: «Baada ya simu ya mama yake alibamiza mlango mara tatu, akakataa chakula, na saa tatu usiku akalia akaomba taa isizimwe.» Ya kwanza ni hukumu. Ya pili inampa daktari wa akili, afisa au hakimu kitu cha kushika.

Afya, shule, usingizi, mawasiliano na familia, majeraha hata madogo, na maneno ya mtoto kuhusu mambo mazito havikosi kuandikwa. Andika pia mema. Daftari lililojaa makosa tu ni la uongo, kwa sababu mtoto huyo pia alifunga goli, alimchekesha dada yake mdogo na kujifunza kuendesha baiskeli.

11. Je, kumwandika mtoto kila siku si kumpeleleza?

Ni upelelezi ukifanywa kwa kificho na kwa nia ya kumkamata. Mtoto mwenye umri wa kuelewa aambiwe kwamba unaandika, kwa nini unaandika, na nani husoma. Katika nchi kadhaa ana haki ya kuyasoma majalada yake atakapokuwa mtu mzima, na kwa baadhi yao hayo ndiyo maandishi pekee yanayoonyesha jinsi utoto wao ulivyopita. Kwa hiyo kipimo changu ni rahisi: andika sentensi ambayo usingeona haya akikusomea kwa sauti akiwa na miaka 25.

Usiandike mbele yake wakati analia. Kalamu isubiri.

12. Mtoto amesema atanieleza siri nisipomwambia mtu yeyote. Nimjibu nini?

Usiahidi. Mwambie kwamba unataka kumsikiliza, na kwamba ikiwa atakachosema kinaonyesha kuwa yeye au mtoto mwingine yuko hatarini, itakubidi uwaambie watu wanaoweza kusaidia, lakini utamwambia kwanza ni nani na lini. Wengine hunyamaza wakisikia hivyo. Wengi wao hurudi baadaye, mara nyingi mkiwa ndani ya gari au mnaosha vyombo, wakati hamtazamani usoni.

Akizungumza, sikiliza bila kumwekea maneno mdomoni. Usihoji kwa undani, kwa kuwa maswali ya kumwongoza yanaweza kuharibu ushahidi na kumlazimisha asimulie tena maumivu yale. Mwambie amefanya vyema kusema, andika maneno yake kama alivyoyatamka, na utoe taarifa siku hiyohiyo.

13. Majirani na ndugu wanauliza ametoka wapi na wazazi wake walifanya nini.

«Anaishi na sisi kwa sasa» linatosha. Kwa wanaosisitiza, sema kwamba hayo ni yake kusimulia. Picha zake mtandaoni zisiwekwe bila idhini iliyoandikwa, hata zile zisizo na jina, kwani sare ya shule au mandhari ya nyuma inaweza kumwonyesha mtu anayemtafuta mahali alipo.

## Wataalamu na wazazi waliomzaa

14. Kwenye kikao nazungumza kama mzazi au kama mtaalamu?

Peleka ujuzi wa mzazi kwa lugha ya mtaalamu. Wewe ndiye pekee chumbani unayejua kwamba mtoto hulala na viatu miguuni, na ujuzi huo una thamani ukielezwa kwa tarehe na mifano, pasipo lawama. Jitayarishe kwa karatasi moja: kilichobadilika tangu kikao kilichopita, kinachokutia wasiwasi, unachokiomba. Kifungu cha 25 cha mkataba uliotajwa katika swali la 1 kinampa mtoto aliyewekwa chini ya malezi haki ya hali yake kupitiwa mara kwa mara, na kifungu cha 12 kinampa haki ya maoni yake kusikilizwa. Kwa hiyo mwulize kabla ya kikao angependa useme nini kwa niaba yake, hata kama hutakubaliana nalo.

15. Afisa ameamua jambo ambalo nina hakika litamuumiza mtoto.

Pinga kwa maandishi, mapema, na kwa kutumia kumbukumbu zako. Eleza ulichokiona, tokeo unalolihofia na njia mbadala unayoipendekeza. Usipojibiwa, panda ngazi inayofuata: msimamizi wake, anayeongoza vikao vya mapitio, utaratibu wa malalamiko, na pale sheria inaporuhusu, mahakama. Usimtumie mtoto kuwa mjumbe wa hasira zako, na usikaidi uamuzi kimyakimya kwa «kusahau» miadi. Ukishafanya hivyo, hata hoja yako ya haki itasomwa kama ukaidi.

Vyama vya walezi vina msaada mkubwa hapa, na Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu Malezi Mbadala ya Watoto ya mwaka 2009 inahimiza viundwe.

16. Kila akitoka kumwona mama yake anavurugika siku mbili. Kwa nini ziara zisisimamishwe?

Kuvurugika peke yake hakuthibitishi kwamba ziara ni mbaya; kuachana na mtu unayempenda kila wiki kungemvuruga yeyote. Mkataba wa Haki za Mtoto, katika kifungu cha 9, unalinda haki ya mtoto aliyetenganishwa na wazazi kuendelea kuwaona isipokuwa ikiwa inapingana na maslahi yake. Kilicho mikononi mwako ni kuandaa siku yenyewe: chakula kabla, safari isiyo na haraka, jioni isiyo na wageni wala masomo ya ziada. Ukiona dalili zinazozidi huzuni, kama hofu ya mtu fulani au michubuko, fuata swali la 12.

Methali inasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nayo hutumiwa sana kuwanyamazisha walezi. Isome pia upande wa pili: yule mama unayekutana naye mlangoni ana uchungu huo, hata kama alishindwa kulea. Msalimie kwa heshima. Mtoto anatazama.

17. Naweza kuendelea na ajira yangu ya nje?

Mara nyingi inawezekana, lakini hesabu saa halisi za miadi, simu za shule na wiki za mwanzo kabla ya kuahidi. Mtoto mchanga au mwenye mahitaji makubwa ya kiafya kwa kawaida huhitaji mtu nyumbani. Mweleze mwajiri wako kuwa wewe ni mlezi, bila kumpa jina wala historia ya mtoto.

## Hali zisizo za kawaida

18. Ninamlea mtoto wa ndugu yangu. Haya yote yananihusu?

Yanakuhusu, na baadhi ni magumu zaidi kwako. Mlezi asiye ndugu hukutana na mzazi siku ya ziara tu. Wewe unakutana naye msibani na harusini. Omba masharti ya mawasiliano yaandikwe, ili unapomkatalia dada yako kumchukua mtoto usiku uweze kuonyesha karatasi, na lawama iiendee mamlaka badala ya kukaa kati yenu.

19. Nimetuhumiwa. Nifanye nini?

Tuhuma huchunguzwa hata zinapokuja kwa mlezi wa miaka mingi, na inapasa iwe hivyo, maana mfumo usioweza kumchunguza mlezi hauwezi kumlinda mtoto. Hilo halipunguzi uchungu wa siku zile. Usimhoji mtoto wala usimwombe abadilishe maneno. Omba tuhuma kwa maandishi, tafuta ushauri wa kisheria au wa chama cha walezi, na uhifadhi daftari lako bila kufuta wala kuongeza neno.

20. Siwezi tena. Nikiomba aondolewe, nimeshindwa?

Sema ukiwa bado na nguvu za kusubiri, usingoje usiku ambao utapiga simu ukidai aondoke kabla ya asubuhi. Ukisema mapema, zipo njia nyingine: mapumziko ya siku chache mtoto akiwa kwa mlezi anayemfahamu, tiba, msaada wa ziada. Ikibidi aondoke kweli, aondoke mchana, kwa maandalizi, na vitu vyake vikiwa kwenye begi lake mwenyewe, visiwekwe katika mifuko ya taka.

21. Nimempenda kama wangu, na sasa anarudi kwao. Nilikosea kumpenda?

Hukukosea. Mtoto aliyejifunza kumtegemea mtu mmoja huwa na uwezo wa kumtegemea mwingine, na aliyewekwa mbali ili mlezi asiumie hupelekwa kwao bila ujuzi huo. Huzuni yako ni ya kweli. Izungumze na watu wazima, umpunguzie mtoto mzigo wa kukuliwaza. Akikuuliza kama utamkumbuka, mwambie ndiyo, na mwambie pia kwamba anaruhusiwa kufurahi kwenda nyumbani.

Kazi ya kitaaluma ya wiki hizo ni ya vitendo. Mwandikie mzazi wake ukurasa mmoja kuhusu taratibu za siku: saa anayolala, dawa anazotumia, kinachomtuliza anapoamka na ndoto mbaya, jina la rafiki yake wa shuleni. Kamilisha kitabu chake cha picha na kumbukumbu, chenye tarehe, majina na jino la kwanza lililong'oka. Fua nguo zake, lakini blanketi analolalia liache bila kufuliwa, liende na harufu aliyoizoea. Kisha, siku akishaondoka, andika ukurasa wa mwisho wa daftari kwa tarehe na saa kama kawaida, na ulikabidhi.